Alikolala Loisi

Hadi saa kumi jioni ya Jumamosi, Inspekta Khairat Jamaldini alikuwa ameshaoneshwa vitabu vitatu vya wageni, na vyote vitatu vilisema jambo moja: Loisi Yotham alilala hapa usiku wa Alhamisi, tarehe tisa Mei.

Kitabu cha kwanza kilikuwa cha gesti mpya ya Halfani, pale sokoni Chigwe. Cha pili kilikuwa cha hosteli ya misheni, mwendo wa nusu saa kupanda mlima. Cha tatu kilikuwa cha nyumba ya mapumziko ya misitu, juu kabisa, mahali nyumba za watu zinapoisha na msitu wa hifadhi unapoanza. Mtu mmoja halali vitanda vitatu kwa usiku mmoja. Khairat aliketi kwenye ngazi za ile nyumba ya juu, nguo zikiwa bado mbichi kwa mvua iliyomkuta njiani, akafungua daftari na kuandika: Wawili wanadanganya. Akafikiri kidogo, akaongeza: Au wote.

Loisi alikuwa na miaka ishirini na tisa, mfanyakazi wa kampuni ndogo ya utalii ya Munir, mfanyabiashara wa Dodoma mjini ambaye babu zake waliuza chumvi na vitambaa tangu enzi za misafara. Serikali ilipowafungulia watu binafsi milango ya utalii, Munir alinunua Land Rover mbili zilizotumika, akaanza. Mwezi wa saba mwaka huo wa 1996 alitarajia kundi lake la kwanza la wazungu wapenda ndege, waliotaka kuuona msitu wa mvua wa Chigwe: mbega, hondohondo, vinyonga wa kila rangi. Kilichokosekana ni mahali pa kuwalaza. Ndipo alipomtuma Loisi azikague nyumba tatu alizokuwa amesikia habari zake, achague moja.

Loisi aliondoka Dodoma Jumanne kwa basi hadi Kibaigwa, akadandia lori la mahindi lililokuwa likirudi tupu Mlali, akapanda hadi Chigwe. Alipaswa kurudi Jumatatu. Hakurudi. Kilichofika, Jumanne iliyofuata, kilikuwa barua yake, iliyoletwa na dereva wa lori. Munir alisubiri siku mbili nyingine, kisha akaja kituoni na barua mkononi.

Khairat alikuwa ameisoma mara nyingi kiasi cha kuikariri. Iliandikwa Ijumaa asubuhi.

“Kaka Munir, nimepapata. Wageni wetu watalala hapa nilipolala jana. Usiku perere analia mpaka unadhani kuna mtu anakabwa. Asubuhi, hata uso sijanawa, jua linaingia kwa dirisha la miguuni, na mbega nawaona nikiwa bado kitandani. Jina la mahali nitakutajia nikirudi, maana barua hii itapita mikononi mwa watu wanaongoja sana kulisikia.”

Bahasha nayo ilikuwa na maneno yake. Ilikuwa imefungwa mara mbili. Chini kulikuwa na gundi yake ya dukani. Juu yake, ukoko mweupe uliopasuka ulipokunjwa. Khairat aliukwangua kwa ukucha pale ofisini. Ulikuwa unga uliokorogwa na maji. Mtu alikuwa ameifungua barua, akaisoma, akaifunga tena kwa kile alichokuwa nacho jikoni.

Kwa hiyo Khairat alikuja bila sare. Alijifunga mtandio, akachukua mkoba wa kawaida, na kote alikopita alijitambulisha kuwa ametumwa na Munir kuhakikisha uchaguzi wa mwenzake, ambaye amechelewa kurudi.

Kwa Halfani alikaribishwa kama mkwe. Halfani alikuwa mtu wa umri wa Khairat, mchangamfu, aliyeuza mashine yake ya kusaga ili ajenge gesti ya vyumba sita yenye jenereta na friji. Alimwonesha chumba namba mbili, akamwambia Loisi alilala humo Jumanne, akaenda kutembea, akarudi Alhamisi kwa sababu alipapenda. Khairat aliomba kitabu. Mstari wa Jumanne ulikuwa na saini ya Loisi, ile ile ya kwenye barua, yenye herufi L iliyovutwa mkia mpaka chini ya jina zima. Mstari wa Alhamisi ulikuwa na L fupi, nene, na jina lilikuwa limeandikwa “Loice”. Alimuuliza kama usiku husikia wanyama. Halfani alicheka, akamhakikishia kwamba jenereta lake huwafukuza wote. Kisha akauliza, uso ukibadilika, kama yule dada amepata matatizo, kwa maana alikuwa msichana mwema na hakukaa hata kunywa chai.

Misheni, msimamizi wa hosteli alikuwa Mama Scolastika, mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Aliitikia shikamoo ya Khairat kwa kumshika mikono yote miwili. Wafadhili wa ng'ambo walikuwa wamepunguza misaada, alieleza, na hosteli ilikuwa lazima ijitegemee au ifungwe. Loisi alilala kwake Jumatano. Na Alhamisi? Alhamisi pia, alisema Mama Scolastika, akavua miwani na kuanza kuifuta. Kitabu kilisema vivyo hivyo, ila saini ya Alhamisi haikuwepo. Kulikuwa na alama ya vilevile tu, vile vistari viwili vya kurudia mstari wa juu. Chumba kilikuwa safi, chenye madirisha mawili yaliyotazama shamba la mikaratusi. Mbega hakai kwenye mikaratusi. Hana anachokula pale. Khairat alipokuwa anaaga, Mama Scolastika alimshika mkono tena na kumuuliza kama Loisi ana mama, na kama mama huyo ameshaambiwa.

Juu kabisa alimkuta Alfonce, mtunzaji wa nyumba ya misitu, mrefu, mkimya, mwenye kofia ya kazi iliyopauka. Alikuwa ameishi hapo miaka ishirini na miwili. Nyumba yenyewe ilikuwa ya zamani, ya mawe na mabati, na kioo kimoja cha jikoni kilichovunjika kilikuwa kimezibwa kwa gazeti. Alfonce alimwonesha chumba cha pembeni, kitanda kimetandikwa shuka nyeupe, na kitabu. Hapo Khairat alisogeza macho karibu. Alhamisi, tarehe tisa: herufi L yenye mkia mrefu, chini ya jina zima. Saini ilikuwa ya kweli.

Alfonce hakujisifia nyumba yake. Alisema tu kwamba yule dada alikuja Alhamisi mchana, akaandika jina, akaondoka Ijumaa. Khairat alipouliza kama perere husikika, mzee alijibu kwamba ni vigumu kulala kwa kelele zake.

Hivyo, ilipobidi naye achague pa kulala, Khairat hakuwa na shida. Gesti ya Halfani haikuwa na perere, misheni haikuwa na mbega. Hapa palikuwa na vyote viwili, na saini. Alimwambia Alfonce kwamba atakitaka chumba kile kile. Alifunga mlango, akabadili nguo zilizolowa, akajilaza kupumzisha miguu, na usingizi ukamchukua mpaka giza lilipoingia. Usiku alimsikia perere. Ni mnyama mdogo wa mitini asiyezidi sungura, lakini sauti yake ilianza kama mlango unaokwaruza na kupanda mpaka ikawa kilio cha mtu. Loisi hakuongeza chumvi.

Asubuhi aliamka mapema, akageuza kichwa. Dirisha lilikuwa miguuni, na mti wa mbele yake ulikuwa na mbega wanne, weusi kwa weupe, mikia ikining'inia kama mashungi ya pazia. Akatabasamu. Akangoja jua.

Jua halikuja.

Alinawa uso, akavaa, akatoka barazani na kikombe cha chai alichopewa na Alfonce. Saa yake ilionesha saa moja na nusu. Ukungu ulikuwa umeshapanda. Ikafika saa mbili. Chini kule mabati ya Chigwe yalikuwa bado ya kijivu, ya misheni na ya Halfani pia, yote kivulini. Lakini mbali zaidi, nyanda za Kongwa zilikuwa za manjano tupu kwa jua. Khairat alitazama kule kwenye mwanga, kisha akageuka taratibu na kutazama nyuma yake. Mlima ulisimama upande wa mashariki, mrefu, umejaa miti mpaka kileleni. Kijiji kizima kiliishi chini ya kivuli chake. Jua liliuvuka mgongo wa mlima ilipokuwa karibu saa tatu, na wakati huo hata mvivu angekuwa ameshanawa uso.

Hakuna hata nyumba moja kati ya zile tatu iliyoweza kupata jua alilolieleza Loisi. Wote watatu walidanganya. Kitanda alichokieleza kilikuwa upande wa pili wa mlima.

Alishuka ngazi na kuizunguka nyumba polepole, kama mtu anayenyoosha miguu. Mvua ya jana ilinyesha tangu saa tisa mpaka karibu na saa kumi, na udongo mwekundu ulikuwa umelainika kama ulioandaliwa kufinyangwa. Nyayo zake mwenyewe, za viatu, zilikuwa zimefutikafutika kwa mvua ile. Lakini nyuma, kwenye njia nyembamba iliyotoka mlimani, kulikuwa na nyayo nyingine, ndogo, za miguu mitupu, kali kingo zake, na upande wa kulia tundu la fimbo kila baada ya hatua mbili. Zilishuka kutoka mlimani mpaka kwenye mlango wa jiko. Zilisimama hapo, zikakanyagana, kisha zikarudi zilikotoka. Mtu huyo alikuja mvua ilipokwisha, wakati Khairat amelala chumbani.

Alipoinuka baada ya kuzichunguza, macho yake yaliangukia lile gazeti la dirishani. Aligusa ukingo wake. Ukoko mweupe ulimegukia kidoleni.

Alfonce alikuwa jikoni anachochea moto. Khairat alivuta kigoda, akaketi, akamuuliza kama jana jioni alipata mgeni mwingine. Mzee alijibu kwamba hapana, ni yeye tu. Khairat alitoa kitambulisho chake, akakiweka juu ya meza, akakisogeza mpaka mbele yake.

“Mzee Alfonce, mimi ni polisi. Tangu jana watu wawili wameniuliza kama Loisi ana matatizo. Wewe hujaniuliza. Ng'ambo ya mlima anaishi nani?”

Mzee alitazama kile kitambulisho. Hakukigusa.

“Cecilia,” alisema.

“Loisi yuko hai?”

“Jana alikuwa hai.”

Khairat alisimama. Alimwambia avae viatu na atangulie mbele, na maneno mengine yatasemwa njiani.

Yalisemwa njiani, kidogo kidogo, mzee akiongea bila kugeuka. Loisi alikuja kweli Alhamisi, akaandika jina, akaweka mkoba chumbani. Kisha Cecilia, mjane wa askari wa misitu aliyekuwa rafiki yake Alfonce, akapita na kibuyu cha asali. Wanawake wale wawili waliongea. Loisi akataka kuiona ng'ambo, akachukua mkoba wake, hakurudi. Ijumaa Cecilia alileta barua aipeleke kwa dereva wa lori. Alfonce aliifungua ili ajue kama nyumba yake imechaguliwa. Alipoisoma alijua kwamba haikuchaguliwa. Lakini kwa kuwa haikutaja jina, aliiacha iende.

Jumamosi Cecilia alirudi mbio. Loisi ameteleza kwenye gogo la kuvukia kijito, mguu umevunjika. Alimwomba Alfonce, aliyezoea kumwita shemeji, atume mtu Chigwe, na Chigwe watume gari Mlali. Alfonce alikubali. Hakutuma.

Khairat alimuuliza kwa nini. Walikuwa katikati ya msitu wakati huo. Miti ilikuwa minene kiasi cha watu watatu kuikumbatia, maji yalidondoka kutoka juu ingawa mvua haikunyesha, na mahali fulani hondohondo alipiga mbawa kama mtu anayekung'uta mkeka. Alfonce alijibu huku akiendelea kutembea. Ile nyumba ilikuwa ikodishwe mwisho wa mwezi kwa mfanyabiashara wa mbao, isipopata wageni. Mkewe Alfonce alifia mle. Aliwaza kwamba siku mbili tatu si nyingi. Kwamba uvimbe ukipungua, atambeba yule dada mpaka kwake, atamuuguza, atampikia, naye atabadili mawazo.

“Na siku mbili tatu zilipopita?”

“Ndipo nikaogopa,” alisema. “Ningewaambia nini? Kila alipokuja Cecilia nilimwambia gari limeshaitwa. Jana pia nilimwambia hivyo, na wewe umelala chumbani.”

Khairat aliongeza mwendo.

Walivuka mgongo wa mlima, wakatoka kwenye jua kali. Nyumba ya Cecilia ilikuwa chini kidogo, ya matofali ya kuchoma, pembezoni mwa shamba la maharage lililogusana na msitu. Mwanawe, mbeba magunia huko Kibaigwa, ndiye aliyemjengea. Cecilia mwenyewe alikuwa mlangoni, mfupi, miguu mitupu, fimbo mkononi na kanga imefungwa kiunoni kwa safari. Alikuwa amechoka kungoja. Alikuwa anaondoka kwenda Chigwe kwa miguu yake, ingawa hakuna wa kubaki na mgonjwa.

Loisi alikuwa ndani, kitandani, mguu wa kushoto umefungwa vipande vya mianzi kuanzia goti hadi kifundo. Alikuwa amekonda na macho yaling'aa kwa homa, lakini alimwelewa Khairat mara tu alipomtaja Munir. Khairat aliugusa mguu. Ulikuwa wa moto, na juu ya kifundo ngozi ilikuwa imeanza kubadilika rangi. Alimuuliza kama anaweza kuvisogeza vidole. Viwili vilisogea.

“Gari limefika?” Loisi aliuliza.

“Gari gani?”

Cecilia alikuwa amesimama mlangoni, na Alfonce nyuma yake, nje. Yule mama aligeuka.

“Shemeji,” alisema, kwa sauti ya kawaida kabisa, “si uliniambia limetoka Mlali tangu juzi?”

Alfonce alivua kofia. Cecilia alimtazama mpaka alipoelewa, kisha akapita pembeni yake bila kumgusa, akaenda kuwaita majirani.

Majirani walikuwa wachache, na siku ile ilikuwa Jumapili; wengi walikuwa wameteremkia kanisani upande mwingine wa bonde. Wakapatikana wanaume watatu. Walikata miti miwili mirefu, wakafunga blanketi katikati kwa kamba za katani, ikawa machela. Khairat alimwandikia Munir maneno machache, akampa binti wa jirani mwenye miguu mepesi atangulie nayo Chigwe kwa Halfani na kumwomba atafute gari upesi, maana Halfani ndiye mwenye kuwajua madereva wote wa Mlali. Hapo ndipo lilipobaki tatizo moja. Machela hubebwa na watu wanne.

Khairat alijifunga mtandio vizuri, akashika mti mmoja upande wa mbele. Walipoinua, machela iliinama upande wake; alikuwa mfupi kuliko wale wengine, na Loisi alitoa sauti iliyowafanya wamshushe haraka. Walisimama wakitazamana. Alfonce alikuwa amesimama peke yake kando ya shamba.

“Nitabeba mimi,” alisema.

Mmoja wa wale wanaume alitema mate chini. Cecilia alisema kwamba afadhali abebe yeye, hata akifia njiani. Khairat alipiga magoti kando ya machela. Alimweleza Loisi, kwa sauti ya chini na bila kuficha, yule mzee alifanya nini, na kwamba atakwenda naye Dodoma kutoa maelezo na kushtakiwa. Akamwambia pia kwamba mguu hauwezi kungoja watu watoke kanisani. Uamuzi alimwachia yeye.

Loisi alifumba macho. Machozi yalimtoka yakaingia masikioni, akayaacha.

“Mwacheni abebe,” alisema. “Ndiye anayeijua njia.”

Walipanda. Alfonce alishika mbele kulia, akiongea kwa mara ya kwanza kama mtu mwenye kazi: hapa panateleza, hapa kuna mzizi, ngojeni, sasa. Wale watatu walimfuata neno kwa neno. Cecilia alitembea upande wa kichwa cha Loisi akimfuta jasho, na Khairat akaja nyuma akihesabu mapumziko kwa saa yake. Waliuvuka mlima. Waliteremka kwenye kivuli cha miti mikubwa mpaka yalipoonekana mabati ya nyumba ya misitu, na wabebaji, mabega yakiwaka, wakaomba wamwingize ndani apumzike kidogo. Alfonce hakugeuza kichwa. Alisema tu kwamba kuni zipo na kitanda kimetandikwa.

Khairat alimtazama Loisi.

“Twendeni,” Loisi alisema.

Walibadilishana mabega pale pale uani. Alfonce aliingiza mkono mfukoni, akatoa ufunguo wa nyumba, akampa Khairat kabla hajaulizwa. Kisha akarudi kwenye mti wake, akainama, akahesabu moja, mbili, wakainua wote kwa pamoja. Kutoka huko chini Chigwe, mlio wa lori lililokuwa likipanda kwa gia ndogo ulikuwa umeanza kusikika.